Travatini kando ya bwawa: sifa zake na masharti yake

Anayejenga pwani na kutaka kutandika mawe kuzunguka bwawa la kuogelea ataambiwa habari za travatini, jiwe la rangi ya maziwa au mchanga lililojaa matundu. Wanaolisifu wana haki. Wanaolikataa nao wana haki.

Travatini ni chokaa iliyoganda. Maji yenye madini hayo hutoka ardhini, gesi ya kaboni dioksidi ikatoroka, chokaa ikabaki na kujijenga tabaka juu ya tabaka. Huko Pamukkale, Uturuki, kazi hiyo unaiona kwa macho: mlima mzima umekuwa mweupe. Warumi walilichimba karibu na Tivoli, mji ulio jirani na Roma, wakajengea Colosseum, uwanja wao mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, na wauzaji hupenda sana mfano huo. Mimi haunitoshi. Ukuta haukanyagwi kutwa, wala haumwagiwi maji ya klorini.

Sifa yake ya kweli iko kwenye nyayo. Kwa weupe wake, saa saba mchana haliunguzi kama granaiti nyeusi, na mtoto anayetoka majini hulikanyaga bila kurukaruka. Uso wake ukiachwa na mparuzo wake, hautelezi kwa urahisi. Lililong'arishwa libaki sebuleni. Nje, likilowa, linavunja watu viuno.

Adui yake ni tindikali. Kamulia ndimu kwenye kipande kilichong'arishwa: povu dogo litatoka, na ukifuta utakuta doa lililofifia ambalo sabuni haitaliondoa. Ndiyo maana nasisitiza fundi asimamiwe siku ya mwisho ya kazi. Wengi wamezoea kuondoa mabaki ya simenti kwenye vigae kwa tindikali, na mazoea hayo yakihamia kwenye travatini, jiwe la gharama linalika kabla mwenyewe hajahamia. Lisafishwe kwa maji na sabuni isiyo kali, basi.

Chumvi nayo ni shida ya polepole. Maji ya chumvi hupenya kwenye vinyweleo vya jiwe, yakikauka chembe zake hukua humo ndani na kuubandua uso magamba kwa magamba. Dawa ya kuzuia maji kupenya husaidia, lakini hupakwa tena na tena. Kwa bwawa la maji ya chumvi, au nyumba inayopigwa na mvuke wa bahari, nisingelichagua. Baridi ya kugandisha maji, inayopasua mawe Ulaya, huku pwani haituhusu.

Tena tunalo jiwe la Mazeras, linalochimbwa bara kidogo ya Mombasa. Ni jiwe la mchanga, na chembe za mchanga wenyewe haziliwi na ndimu. Halisafirishwi kwa meli, na fedha yake inabaki kwa wachimbaji wetu. Kasoro linazo: vipande vya kahawia iliyokolea hushika joto, na unene hutofautiana, kwa hiyo fundi hutumia muda mwingi kusawazisha.

Kwa njia za bustani na uani nachagua Mazeras bila kusita. Travatini nalikubali kwenye ukingo wa bwawa la maji yasiyo na chumvi, liwe la unene wa sentimita 3, juu ya zege iliyoinamishwa kidogo ili maji yasituame. Vigae vyake vya sentimita 1.2 ni vya ndani. Gari likipita juu yavyo penye uwazi chini, vinapasuka.