Malalamiko ya Mwindaji Mwenye Mashoto

Naomba kuuliza, kwa heshima zote: aliyebuni bunduki ya bolti, ile ambayo kila ukifyatua huna budi kuvuta kipini kwa mkono ili ganda litoke na risasi nyingine iingie, hakuwa na hata shemeji mmoja mwenye mashoto? Inajulikana dunia nzima kwamba karibu mtu mmoja katika kila kumi hutumia mkono wa kushoto. Hata hivyo, ukiingia katika duka la bunduki hapa Texas unakuta ukuta mzima wa silaha zilizotoa kipini cha bolti upande wa kulia, na ya kwetu, ikiwapo, ni moja tu, imeegemezwa kona ya mwisho karibu na mlango wa choo.

Niliyoikuta mimi ilikuwa ya risasi aina ya .300 Winchester Magnum, yenye teke la kumfaa mtu anayefuata wanyama wakubwa milimani, si mtu mzima mwenye bega la kawaida anayetaka kujifunza kulenga mbali. Nikamwambia muuzaji kwamba anayeanza hushauriwa achukue kitu kipole zaidi, kama 6.5 Creedmoor iliyotoka mwaka 2007, au .308 Winchester ya mwaka 1952. Akanijibu kwamba za kulia anazo zote mbili, tena kwa rangi ya kuchagua, ila za kushoto niagize na nisubiri. Nisubiri hadi lini? Akapandisha mabega, kisha akanipa ushauri ambao kila mwenye mashoto huupata mapema au baadaye: kwa nini nisijifunze tu kutumia wa kulia? Bibi yangu kule Tanga alinishauri hivyohivyo mbele ya sinia la wali, na yeye hakunitoza kodi ya mauzo.

Tatizo ni kwamba mkono unaweza kuchapwa ukanyooka, lakini jicho halichapwi. Nyoosha mikono yako, kutanisha viganja uache kitundu katikati, tazama taa ya ukutani kupitia hapo kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho mojamoja: lile ambalo likibaki wazi taa haihami ndilo bosi. Bosi wangu anakaa kushoto, na sioni sababu ya kumpa likizo ili msaidizi wake ndiye achungulie darubini.

Basi nikaagiza ya kushoto, na wakati wa kuisubiri nikanunua ya kulia, ya .308, iliyokwisha kutumika. Ukiwa umesimama porini, kazi yake ni hii: umefyatua, mkono wa kushoto unaachia shingo ya kitako, unapanda juu ya darubini, unashuka upande wa pili, unainua bolti, unaivuta, ganda linaruka, unaisukuma, unaishusha, kisha mkono unarudi ulikotoka. Shavu limekwisha kubanduka na shabaha haionekani tena, na nguruwe mwitu, ambao Texas inao wengi kiasi kwamba msimu wao haufungwi, wamevuka kijito na wanakujadili. Uvimbe wa kuegemeza shavu nao umechongwa upande wa kushoto wa kitako, linakokaa shavu la mtu wa mkono wa kulia. Langu linatua upande wa pili, penye ubao mtupu, tena upande huohuo linakotazama tundu la kutolea maganda.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni kwamba nikilala kifudifudi, bunduki hiyo inanifaa. Shabaha ya mbali hupigwa umelala, mtutu umesimamia miguu miwili mbele na kitako kimekalia mfuko wa mchanga. Hapo mkono wangu wa kushoto unabaki kwenye kifyatulio, na wa kulia, usio na kazi, ndio unaochezesha bolti, wala jicho haliondoki kwenye darubini. Wako hata watu wa mkono wa kulia wanaonunua bunduki ya kushoto makusudi kwa sababu hiyo, halafu sisi tunaambiwa zimeadimika! Hata hivyo wazee wa pale uwanjani hunijia mmoja mmoja kunipa pole kwa kutumia silaha isiyo ya mkono wangu, na nikiwaeleza faida yake wanazidi kunihurumia. Siku hizi sielezi. Pole naipokea, na kahawa inayoambatana nayo siikatai.

Darubini ndiyo iliyokataa nistarehe. Kirungu cha kurekebisha picha kulingana na umbali kimewekwa ubavu wa kushoto, ili mtu wa kulia akizungushe kwa mkono wake uliokaa bure. Wangu uliokaa bure ni wa kulia, kwa hiyo safari ya kupanda na kushuka inaanza upya. Nikajifariji kwamba risasi ikishatoka mtutuni haina upande. Kumbe mitutu mingi imechongwa mifereji inayoizungusha kuelekea kulia, na risasi inayozunguka hivyo husogea kulia taratibu, ikifika yadi 1,000 imeshahama inchi kadhaa. Zaidi ya hapo, kwetu huku kaskazini ya ikweta, mzunguko wa dunia nao unaisogeza kulia kidogo. Ni kidogo sana, nakubali, na mkorofi halisi ni upepo, lakini mimi nalalamikia kanuni. Ningebaki Tanga, dunia ingenipendelea kushoto, japo kwa unywele mmoja.

Mama watoto aliuliza kama huko yadi 1,000 ndiko waliko kulungu ninaowaahidi kila msimu. Nikamweleza kwamba risasi huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika huko, muda ambao mnyama ameshapiga hatua na atakachopata ni jeraha, kwa hiyo umbali ule ni wa mabamba ya chuma tu. Mnyama hupigwa karibu.

“Kwa hiyo, baba watoto, fedha yote hii ni ya kugonga chuma?”

Nikamwambia asubiri bunduki ya kushoto ifike. Sasa imefika, imenigharimu kuliko ile ya kulia, na nikilala nayo kifudifudi inanibidi niachie shingo ya kitako kila risasi kama watu wengine wote. Wazee wananipongeza. Kahawa najinunulia mwenyewe.