Tovuti Haina Sababu ya Kusubiri Barua Pepe

Nimechoka kuambiwa kwamba mfumo umezidiwa. Juzi taasisi moja inayopokea maombi ya masomo kwa njia ya mtandao iliwaomba radhi waombaji kwa kauli hiyohiyo siku ya mwisho ya usajili, na kabla jua halijazama ilikuwa imeshaanza kutafuta wazabuni wa seva kubwa zaidi. Nilipopewa nafasi ya kuiangalia seva hiyo iliyozidiwa, nilikuta prosesa haina kazi ya maana, kumbukumbu haijajaa hata nusu, na hifadhidata inajibu bila kusita. Kilichojaa ni michakato ya PHP-FPM, yaani wahudumu wa programu wanaoandaa kurasa za tovuti, yote 40, na karibu kila mmoja ulikuwa umekaa ukingoja seva ya barua pepe iliyoko Ulaya ikubali ujumbe wa kumwarifu mwombaji kwamba maombi yake yamepokelewa. Maombi yenyewe yalikuwa yameshahifadhiwa. Mtu alikuwa akitazama duara linalozunguka kwa ajili ya barua ya kumshukuru.

Hesabu yake haihitaji shahada. Ikiwa kila mwombaji anahitaji milisekunde 200 za kazi halali, michakato 40 inaweza kuhudumia watu 200 kwa sekunde. Utumaji wa barua ukiongeza sekunde 8, michakato hiyohiyo haihudumii hata watu 5 kwa sekunde, na waliobaki wanapanga foleni mpaka vivinjari vyao vikate tamaa. Nao, kwa kuwa ni binadamu, wanabonyeza tena na kujikuta kwenye foleni mara mbili. Ongezeni michakato ifike 80, nanyi mtapata michakato 80 inayosubiri.

Tena sekunde 8 si jambo la ajabu. SMTP, lugha ambayo seva hupelekeana barua pepe, ni mazungumzo ya zamu: salamu, kujitambulisha, kuomba usimbaji, kujitambulisha upya, kutoa nywila, kumtaja mtumaji, kumtaja mpokeaji, kuomba ruhusa ya kutuma barua, kisha kuimalizia kwa nukta iliyo peke yake katika mstari. Ikiwa kila zamu inakula milisekunde 200, zamu 10 ni sekunde 2 nzima, hata kama upande wa pili haukusita popote. Ukituma moja kwa moja kwa seva ya mpokeaji, unaweza kukutana na inayochelewesha salamu makusudi ili iwanase watuma taka wasio na subira. Postscreen, mlinzi wa mlangoni wa programu ya seva ya barua iitwayo Postfix, kwa mpangilio wake wa kawaida, husubiri sekunde 6. RFC 5321, waraka wa mwaka 2008 unaoweka kanuni za SMTP, inapendekeza mtumaji avumilie angalau dakika 5 akingoja salamu, na dakika 10 baada ya nukta ya mwisho. Subira hiyo iliandikiwa seva za barua, haikuandikiwa binti anayejaza fomu kwenye simu kwa bando la saa moja.

Waandishi wa programu hunijibu kwamba ni lazima ukurasa usubiri, kwa sababu mtumiaji ana haki ya kujua kama barua imefika. Haki anayo, ila ukurasa hauna uwezo wa kumpa habari hiyo. Seva ya kwanza kuipokea barua imekubali tu kuibeba. Mbele yake inaweza kukataliwa kwa muda kwa jibu la 451 na kujaribiwa tena baadaye, na RFC hiyohiyo inasema mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5. Je, mngependa duara lizunguke siku 5?

Karani wa masijala hafungi dirisha ili apeleke barua posta. Anaiandika kwenye rejista, anaiweka kwenye trei, na tarishi anajua kazi yake. Sakinisheni kwenye seva ileile ya tovuti Postfix, ambayo mtaalamu wa programu Wietse Venema aliitoa mwaka 1998 na ambayo haigharimu hata senti, ukurasa uikabidhi barua hapo kwa milisekunde chache, kisha Postfix ihangaike na Ulaya kwa muda wake. Hata jedwali la hifadhidata linalosomwa na programu ya pembeni linatosha, na lina faida moja kubwa, kwamba barua na maombi huandikwa katika muamala mmoja, yaani vyote pamoja au hakuna, kwa hiyo maombi yaliyoshindikana hayatoi barua ya pongezi.

Kabla ya hayo, hakikisheni seva inajua jina lake kamili, maana sendmail, programu ya zamani ya kutuma barua, isipolipata hulala sekunde 60 kabla ya kuendelea, wakati dawa yake ni mstari mmoja ndani ya /etc/hosts, faili la majina ya seva. Matangazo ya jumla nayo yasipite foleni moja ya barua na namba za siri za kuingilia, ambazo huisha muda baada ya dakika chache.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tovuti yenye wageni wachache haina haja ya hekaheka hizi, na kwamba foleni huficha makosa ambayo ukurasa ungeyapigia kelele. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye jina apewe jukumu la kuendesha mailq, amri inayoorodhesha barua zilizo kwenye foleni, kila asubuhi na kusoma barua zinazorudi, kwa sababu kila msimu wapo waombaji wanaoandika gmail.con, na barua zao zilizorudi sasa hivi zinarundikana kwenye kasha la noreply, anwani ya "usijibu", ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.