Nimevuka Ikweta, Sina Haki ya Joto

Umeme umekatika tena, maghribi hii hii, na feni ikasita. Nikasema, "Joto leo." Kusema tu! Mama Asha kanigeukia: "Joto gani, Baba Asha? Si ulivuka ikweta weye?"

Tangu nirudi safari ile, jamani, sina haki ya kulalamika. Mfereji mkavu? Si ulikogea maji chumvi. Mchele umepanda? Si ulikula maharage ya kopo.

Sikwenda kustarehe, nilikwenda kutafuta. Mzungu mmoja mwenye yoti alitaka mpishi wa kufika naye Maldivi, nami nikajitia ubaharia. Akanambia toka Unguja mpaka ikweta ni digrii 6 tu, kama anayenitajia vituo vya daladala. Digrii moja maili 60 za bahari! Daladala gani hiyo?

Kusi, ule upepo wa kusini, lilikuwa ukingoni. Likatubeba, likatuchoka, likatuacha. Shwari. Tanga limelegea, bahari kama mafuta ya taa. Mvua ikishuka robo saa, joto linarudi pale pale. Choo cha kupampu nacho kikagoma, hayo tuyaache.

Asubuhi moja mzungu kapiga ukelele, ananionesha kioo cha jipiesi: digrii sifuri, ndiyo ikweta yenyewe. Siku zote zile natapika, kumbe tunakwenda kwenye sifuri! Akateremka chini, akapanda na dekio kichwani, ndevu za kamba, na uma wangu wa kuchomea samaki mkononi. Eti yeye mfalme wa bahari, na asiyewahi kuvuka lazima asafishwe. Nikamwambia kwa heshima zote, bwana, mie mtu mzima, nna mkwe. Akanipaka unga uliokorogwa mayai.

Mayai yale! Mawili ya mwisho, nimeyaviringa ndani ya kikoi changu siku kumi, nayapangia chapati za maji! Tena nimbusu samaki. Nikambusu. Unga ukanikaukia usoni, na maji matamu tunapimiana kwa kikombe. Wazee wetu walipeleka boriti Arabuni kwa kusi, mstari ule ule wanauvuka kwenda na kurudi, hakuna aliyefanywa andazi!

Nikapewa cheti. Nilipokwenda kuomba barua ya kazi, nikakitia na hicho. Nikaulizwa, muhuri uko wapi?

Ndicho ninachojipepea hapa. Karatasi ngumu, inaleta upepo, afadhali kuliko... Asha! Nani kafungua friji? Mna samaki wangu changu mle, na umeme wenyewe ndo huu!