Mjomba Ameuza Kotabeki

Katika ligi yetu ya gemu hakuna anayeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Unaitwa timu yako. Mimi ni Bengals, kwa sababu naishi Columbus, Ohio, na Cincinnati, mji wa Bengals, si mbali kwa gari. Jamaa wa Kisumu anayeendesha lori kule Pennsylvania ni Steelers. Mkongo wa Bukavu ni Ravens. Mmarekani mmoja niliyefanya naye kazi ghalani, mpole hadi anakera, ni 49ers, na ndiye kamishna: yeye anasogeza wiki, anasuluhisha ugomvi, na mtu akipotea anaikabidhi timu yake kwa kompyuta.

Tunacheza Madden, gemu la futiboli ya Kimarekani, na tunacheza franchaizi. Huko hupigi mechi moja ukalala. Unakabidhiwa timu nzima uiendeshe msimu baada ya msimu: wachezaji 53, majeruhi wao, mikataba yao, vijana wa chuo unaowachukua kwenye drafti ya raundi 7, ambapo timu zinachagua kwa zamu, na juu ya yote kepu, kile kikomo cha mishahara kinachozizuia timu tajiri kununua kila mtu. Mwaka 2024 kepu ya NFL yenyewe, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu. Unaweza kuingia kama mchezaji, kocha au mwenye timu. Mimi niliingia kama mwenye timu, kwa hiyo hata bei ya tiketi, jezi na hot dog ni juu yangu, na kwa miaka yote ya gemu sikuwahi kuzigusa. Mimi nilitaka mechi.

Desemba akaja Mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama, ana duka la vitenge Kariakoo tangu mimi sijazaliwa, na alikuja kutusalimia kwa miezi mitatu akiwa na koti la kuazima. Asubuhi ya kwanza alitoka nje kuangalia mtaa. Alifika kwenye pipa la taka, akageuka, akarudi ndani, akasema watu wanaoishi huku wana kesi na Mungu. Hakutoka tena mpaka Ijumaa, tena kwa gari.

Sasa mimi nafanya kazi usiku na kulala mchana. Mke wangu anafanya kazi mchana. Mjomba, mtu aliyezoea kupiga kelele na wateja kuanzia saa moja asubuhi, akabaki peke yake na sofa na televisheni. Siku ya tatu nikamkuta anabishana na mtangazaji wa hali ya hewa. Nikamwonea huruma, nikamwonyesha gemu.

"Huyu Madden ndiye nani?" akauliza, anatazama kava.

Nikamweleza. John Madden alikuwa kocha wa Oakland Raiders, akachukua Super Bowl, fainali ya NFL, Januari 1977, baadaye akawa mtangazaji. Walipomfuata kutengeneza gemu walitaka kuweka wachezaji wachache kila upande kwa sababu kompyuta za wakati ule zilikuwa hazina nguvu, yeye akagoma: kumi na moja kwa kumi na moja au jina langu hamlipati. Wakahangaika, gemu likatoka 1988. Amefariki Desemba 2021, jina bado liko kwenye kava.

Mjomba akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Amekufa na bado anauza," akasema. "Huyo ndiye mfanyabiashara."

Mechi zenyewe hazikumwingia. Kila baada ya sekunde sita watu wanaangushana, wanasimama, wanakaa kikao. "Hawa wanacheza saa ngapi?" Lakini nilipopita kwenye ukurasa wa mapato, nilimwona ameinama mbele kama aliyeitwa. Akataka nirudi. Akasoma mstari hadi mstari, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hot dog bei gani?"

Nikamwambia.

"Nani kapanga?"

"Gemu lenyewe, Mjomba. Sijawahi kubadilisha."

Alinitazama vile alivyonitazama nilipoacha chuo mwaka wa pili. Akaniambia mtu aliye ndani ya uwanja ni sawa na abiria wa basi lililosimama Chalinze: ana njaa, hana pa kwenda, na dereva kashapiga honi. Akaomba pedi ya kuchezea gemu.

Nikampa. Nilikuwa na usingizi, na kusema kweli nilifurahi amepata shughuli. Kwa muda wa wiki mbili nyumba ilitulia. Nikirudi alfajiri namkuta Mjomba na chai ya tangawizi, ananipa ripoti. Tiketi za nyuma ameshusha ili watu wajae, hot dog amepandisha, jezi zisizotoka amezipiga bei ya kutupa. Alikasirika kugundua kwamba nilipoanza, gemu liliniuliza mimi ni mwenye timu wa aina gani, mchezaji mstaafu, tajiri au shabiki wa maisha, nikachagua shabiki. "Uliulizwa kama unataka kuwa tajiri," akamwambia mke wangu asikie, "akasema hapana." Akauliza kama timu inaweza kuhamishwa. Inaweza, nikamwambia, kuna orodha ya miji. Tukaipitia: London, Dublin, Toronto, Mexico City na kadhaa ya humu Marekani. Dar haimo. Dubai haimo. Akasema basi, tubaki hapahapa na baridi yetu.

Mapato yalipanda kweli. Mimi nikicheza mechi, yeye akihesabu viingilio. Nilianza hata kujisifu kwa wenzangu kwamba nina meneja. Tulikuwa tunakaribia mechi na Steelers, mechi ya kuamua nani anaingia mtoano, na mimi nilikuwa na Joe Burrow mzima, hana hata mchubuko. Kwa asiyejua: Burrow ni kotabeki, yule anayepokea mpira kila mchezo na kuurusha. Timu inajengwa juu yake. Bengals walimchukua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2020, na mwaka wake wa pili akawafikisha Super Bowl. Walifungwa na Rams 23 kwa 20, lakini kwa timu iliyoingia fainali hiyo mara 3 tangu izaliwe na kutoka mikono mitupu mara zote 3, hata kufungwa namna ile ni kumbukumbu.

Jumamosi niliamka saa tisa alasiri. Mjomba alikuwa amevaa kanzu. Si Ijumaa, si Idi.

"Leo tumefungua duka vizuri," akasema.

Sikumwelewa. Nikanawa uso, nikakaa, nikavaa hedifoni. Steelers alikuwa ameshaingia, anacheka peke yake. "Boss," akaniambia, "nisalimie Mzee sana. Yule ni mtu." Nikajibu salamu zimefika. Mpira ukaanza, wao wakiwa na zamu ya kushambulia, na kutoka upande wao, ndani ya jezi nyeusi na njano, akatoka Joe Burrow.

Nilidhani gemu limeharibika. Nikasimamisha. Nikafungua orodha ya kikosi changu. Kotabeki wa kwanza: kijana wa raundi ya 7, hayupo duniani, ametungwa na kompyuta, uwezo wake 57 kati ya 99.

"Mjomba. Burrow yuko wapi?"

"Nimeuza."

Alisema hivyohivyo, kama mtu anayeeleza kwamba mkate umekwisha.

Ikabidi anisimulie, na alisimulia kwa raha zote. Asubuhi nikiwa nimelala, ombi liliingia kwenye skrini. Yeye hakubonyeza chochote, alivaa hedifoni zangu na kusema "Haloo?" Upande wa pili kulikuwa na Steelers, ambaye alitegemea kunisikia mimi. Aliposikia sauti ya mzee wa Dar, yule Mjaluo ambaye kwa miaka yote nimemjua hajawahi kumsalimia mtu zaidi ya "niaje", akasema: "Shikamoo, Mzee."

Hapo Mjomba alikwisha. Alikuwa hajaamkiwa shikamoo na mtu mgeni tangu atue Marekani. Akaitikia marahaba kwa kirefu, wakaulizana nyumbani, wakaulizana mvua, wakafika kwenye biashara. Steelers akasema anamtaka Burrow. Mjomba akafungua mkataba. Hapo ndipo alipoona kile ambacho mimi kwa busara sikuwahi kumwonyesha: mwaka 2023 yule bwana alisaini miaka 5 kwa dola milioni 275. Mjomba akatoa simu, akapiga hesabu. Wastani wa milioni 55 kwa mwaka, zaidi ya shilingi bilioni 130.

"Mtu mmoja," akaniambia, na kidole juu. "Wa kurusha."

Hakuuza kizembe, hilo nampa. Walibishana zaidi ya saa nzima. Steelers alianza na drafti moja ya raundi ya kwanza, yaani zamu yake ya kuchagua kijana. Mjomba akacheka, akasema asimharibie siku, huyu ni mteja wa kwanza na bado hajauza. Wakafika mbili. Mjomba akavua hedifoni akaziweka mezani, akaenda kuchemsha chai, akarudi, mwenzake bado yuko. Wakafika tatu. Kisha akadai nyongeza. Kwake biashara haifungwi bila nyongeza. Steelers akamwekea panta, yule mchezaji ambaye kazi yake ni kuupiga mpira mbali timu inapokata tamaa.

"Kwa hiyo tuna mapanta wawili," nikasema.

"Mmoja bure," akanisahihisha.

Nikampigia kamishna nikiwa nimesimama. Alinisikiliza kwa upole wake ule, akauliza swali moja: nani alibonyeza kukubali? Nikasema mjomba wangu. Akauliza kama mjomba wangu alilazimishwa. Nikamtazama Mjomba, ambaye alikuwa anakunja mikono ya kanzu tayari kwa mechi. Kamishna akasema biashara ni halali, tena akaongeza kwamba drafti tatu si haba.

Nikarudi kwenye mechi. Sitaisimulia yote, nina heshima yangu. Yule kijana wa 57 alirusha mpira wa kwanza ukamfikia beki wa Steelers kifuani, pasi safi, haina kosa. Wa pili ukampiga mtu wetu mgongoni. Tulikuwa tunakata tamaa kila baada ya majaribio matatu, na hapo, lazima niseme, yule panta wa nyongeza alionyesha thamani yake. Alipiga mpira jioni nzima. Mjomba alimshangilia kila aliposimama, anagonga goti, "Unaona? Unaona mali hiyo?" Burrow upande wa pili alikuwa anatugawia tachidauni, mabao ya huko, kama pilau ya msibani, na Steelers anacheka masikioni mwangu.

Tulifungwa 52 kwa 3. Nilipovua hedifoni Mjomba alikuwa ameshachukua pedi, yuko kwenye ukurasa wa mapato.

"Uwanja umejaa mpaka juu," akasema. "Wamekuja kumwona yule tuliyemuuza."

Kisha akanyamaza. Akasogea karibu na skrini, akaweka sawa miwani. Kwenye hesabu za msimu ule palikuwa na tarakimu nyekundu, na jina la Burrow pembeni yake.

"Hii ni nini?"

Sasa ilikuwa zamu yangu kufurahi kidogo. Nikamweleza taratibu. Fedha ya kusaini mkataba mchezaji hulipwa mapema, lakini kwenye kepu inagawanywa kwa miaka, isizidi 5. Ukimuuza katikati, kile kilichobaki hakimfuati kule aendako. Kinakuangukia wewe uliyeuza, kwenye NFL na ndani ya gemu vilevile.

"Nimemuuza," akasema Mjomba polepole, "na bado namlipa."

"Ndiyo."

"Anacheza kwao."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ananifunga mimi, kwa hela yangu."

Usiku ule hakula. Mke wangu alimbembeleza na ndizi nyama, akala kidogo, akauliza kama kuna ofisi ya kulalamikia. Asubuhi alikuwa ameshapona, kwa sababu alikuwa amekumbuka zile drafti tatu.

Kwenye drafti nilimwomba, nikiwa nimepiga magoti kabisa, tuchukue kotabeki. Nikaenda kazini nikiwa na ahadi yake. Nikiwa mapumziko ya saa nane za usiku, simu ikalia, ni Ravens, anacheka mpaka Kiswahili chake cha Bukavu kinachanganyikana na Kifaransa. Mjomba alikuwa amechukua mpigaji. Raundi ya kwanza. Mtu wa kupiga mpira katikati ya milingoti, anayeingia uwanjani dakika chache. Raiders waliwahi kufanya hivyo kweli, mwaka 2000, walimchukua Sebastian Janikowski wa 17, na watu wanasimulia mpaka leo, lakini Mjomba hakuwa anamjua Janikowski. Alikuwa na sababu zake: mshahara mdogo, hagongwi na mtu, na umri mrefu. Alikuwa ameuliza kwenye hedifoni mpigaji anaweza kucheza mpaka miaka mingapi, akaambiwa Adam Vinatieri alicheza akiwa na 46. "Huyo hachuji," akaniambia nilipofika nyumbani.

Machi akaondoka. Nilidhani yamekwisha. Kumbe kabla ya kupanda ndege, Steelers alikuwa amemtia kwenye kundi letu la WhatsApp, na alipofika Kariakoo, Mjomba akajipa kazi. Hakuna biashara ya wachezaji inayofungwa sasa bila kwanza kumsikia. Anatuma sauti za dakika nne, nyuma yake unasikia makuli na honi, anamwambia Ravens anapunjwa, anamwambia kamishna, kwa Kiingereza chake, "No, no, my friend, add something." Steelers amenunua kwake vitenge vya harusi ya dada yake. Na mwezi uliopita walipiga kura nikiwa kazini, wakampa Browns, iliyokuwa haina mwenyewe. Kompyuta inacheza mechi, mtoto wa dukani anabonyeza anachoambiwa, na Mjomba anapanga bei za hot dog. Tuko divisheni moja. Yuko juu yangu.

Jana nimefungua gemu nikakuta ombi limeingia kutoka Browns. Anamtaka mpigaji wangu, yuleyule. Ananipa panta, na chini ameandika kwamba kwa sababu mimi ni damu yake, hataniomba nyongeza.