Wamefanana Mpaka Wananichosha

Sina ugomvi na mtu mimi. Nakaa zangu Windsor, Ontario. Shemeji yangu, kaka yake Mama Salma, anakaa Detroit, Michigan. Kati yetu kuna mto ambao hapa mjini haufiki hata kilomita moja upana. Juu yake pana daraja la tangu 1929, chini yake handaki la tangu 1930. Jioni nikitoka kutupa taka naziona taa za maghorofa yao. Sasa tazama kisirani kinavyoanza mapema: ukitoka Detroit kuja Windsor unaelekea kusini. Unaiacha Marekani, unaingia Kanada, na dira inasema unashuka! Nilipomweleza mzee wangu wa Tanga kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza siku hizi nalala saa ngapi.

Nyumbani wote wananiambia neno moja: "Si Wazungu wale wale? Kiingereza kile kile, magari yale yale, unalalamika nini?" Jamani, ndicho hasa ninacholalamikia. Ningehamia Japani ningejua nimehamia, ningeuliza kila kitu. Hapa unatembea umejiamini, halafu kitu kidogo kinakukwaa jikoni kwako.

Chukua vipimo. Mmarekani kashikilia maili zake, ratili zake na nyuzi zake za Fahrenheit, hataki kusikia habari nyingine. Ukaidi wa namna hiyo mimi nauheshimu. Aliyenivuruga ni Mkanada. Serikali yake iliamua watu wahamie kilo na mita. Aprili 1975 redio zikaanza kutangaza baridi kwa Selsiasi, 1977 vibao vya barabarani vikageuzwa kilomita, kufika miaka ya 1980 watu wamechoka, shughuli ikaachwa njiani. Ikabaki hapo hapo. Nje ni nyuzi 4 za Selsiasi, ndani ya oveni ni nyuzi 350 za Fahrenheit. Leseni yangu ya udereva imeandika urefu kwa sentimita, lakini nikimtajia mtu hizo sentimita anabaki kunitumbulia macho mpaka nimpe futi. Buchani bei ya ratili imeandikwa kwa herufi za bango, ya kilo iko chini yake kwa herufi za kutafutia miwani, na mzani unapima kilo.

Mama Salma akataka kupika mkate wa kumimina kwa maelekezo ya dada yake aliyeko Muscat. Dada kasema 180. Tukaweka 180. Tulikaa tukinusa iliki mpaka watoto wakalala, na mkate bado unatikisika.

Shemeji naye akija kututembelea anakuja na mahesabu yake. Akaona kibao cha petroli kimeandika senti 140 na kitu, akashangilia, akasema Kanada mnapata mafuta bure nyinyi, akajaza tangi. Ile ni bei ya lita. Galoni yao ni karibu lita 3.8. Alipomaliza kupiga hesabu hakusema neno mpaka darajani.

Kwenye maziwa tu ndipo nilipomcheka mimi. Ontario wanauza maziwa kwenye mfuko wa plastiki: mfuko mkubwa wa lita 4, ndani yake vimifuko vitatu. Unakitia kimoja ndani ya jagi lake, unakata ncha kwa mkasi, unamimina. Mmarekani akiona hivyo anaita wenzake waje kupiga picha. Mimi mtu wa Tanga, nimekua nakata pakiti ya maziwa kwa meno, nishangae nini? Shemeji, ambaye naye ni wa Tanga hiyo hiyo, siku hizi anajifanya kashtuka. Akakata tundu kubwa, chai ikageuka bahari.

Ila kinachonimalizia umri ni adabu ya hawa wenyeji wangu. Mtaani kwetu kuna njia panda yenye vibao vinne vya kusimama. Sheria ya hapa na ya ng'ambo ni moja: aliyetangulia kufika ndiye anayepita. Kule Detroit inafuatwa kwa kukaziana macho, mambo yanakwisha. Hapa tunafika magari manne. Mama wa kushoto ananipungia nipite. Nampungia yeye, maana ndiye aliyetangulia. Wa mbele yangu anatupungia wote wawili. Wa kulia kashusha kioo, na baridi ile, katoa mkono mzima nje. Kisha tunaondoka wote kwa pamoja, tunafunga breki wote kwa pamoja, tunaombana radhi kwa mikono, tunaanza upya. Nyuma yangu foleni imefika shuleni na hakuna anayepiga honi. Pigeni honi basi! Mtu apate sababu ya kuondoka!

Hiyo ya kuombana radhi imefika mpaka bungeni. Mwaka 2009 Ontario walitunga sheria kwamba mtu akikuomba radhi, usiende nayo mahakamani kudai amekiri kosa. Wabunge watu wazima wakakaa, wakajadili, wakapitisha. Ndiyo maana huwezi kujua hapa nani kakasirika. Msimamizi wangu kazini alinipangia zamu ya Jumamosi usiku huku akiniomba radhi mwanzo, katikati na mwisho. Nikatoka ofisini nikimhurumia yeye. Nimefika kwenye gari ndipo nikakumbuka nani anakwenda kukesha.

Mmarekani hana hayo. Jirani wa shemeji, siku ya kwanza kuniona, sijafunga hata mlango wa gari, kanieleza talaka yake, goti lake na deni la nyumba yake, kamalizia kuniita ndugu yangu. Safari iliyofuata ananiuliza mimi ni nani. Jirani yangu wa Windsor kwa upande wake hajawahi kuniambia lolote zaidi ya hali ya hewa. Jina lake nimelijua kwa barua iliyokosea mlango. Lakini theluji ikianguka, kabla sijaamka kashapita na mashine yake mlangoni kwangu, kasafisha mpaka barabarani. Mama Salma anasema huyo ndiye jirani. Mimi nasema hilo ni deni, na mtu asiyetaka mazungumzo unamlipaje? Nilimpelekea sambusa. Akaniomba radhi.

Kwenye viatu nawapa maksi zote. Mkanada akiingia kwako anavua mlangoni bila kuambiwa, hata fundi bomba. Wamarekani wengi wanapita navyo mpaka sebuleni, na shemeji kashawaiga. Siku ile kaingia na mabuti yenye chumvi ya barabarani, kakanyaga zulia tunalosalia. Mama Salma hakupaza sauti. Alimuuliza tu, "Kaka, Detroit siku hizi mnatawadha juu ya buti?"

Akitaka kunilipizia anakimbilia kwenye hospitali. Wenyewe hapa hawaguswi kwenye hilo. Mwaka 2004 televisheni yao ya taifa ilipowapigisha kura ya Mkanada bora kuliko wote, hawakuchagua mcheza hoki wala jenerali, walimchagua Tommy Douglas, yule mwanasiasa wa Saskatchewan aliyewaletea matibabu ya bima ya serikali. Mimi namheshimu marehemu, ila goti langu limekuwa kwenye orodha ya daktari bingwa tangu watu wanavaa kaptula, na sasa tumeshatoa makoti. Shemeji la kwake lilitazamwa wiki ile ile. Alijitapa mezani mpaka wali ukapoa. Kisha mkewe akatutajia ankara iliyokuja nyumbani, na shemeji akakumbuka anahitaji kwenda msalani. Tukabaki wawili tunachechemea, mmoja kwa foleni, mwingine kwa deni, na kila mmoja anamuonea mwenzake huruma.

Haya, na sikukuu. Wote wawili wana siku ya shukrani, wote wanakula bata mzinga. Basi si wangekaa siku moja? Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Sisi hatuhusiki na hata moja, lakini watoto wameletewa habari na shule, kwa hiyo Oktoba shemeji anakuja na kijiji chake kula kwangu, Novemba naomba ruhusa kazini, maana hapa Alhamisi hiyo ni siku ya kazi, navuka daraja kula kwake nyama ile ile kavu, bila hata nazi. Mwaka huu nimependekeza tupike kuku wa kupaka, tushukuru kwa lugha tunayoijua. Mama Salma kanitazama tu, kaendelea kuandika orodha ya vitu vya sokoni. Shemeji kapiga simu kuuliza kama anaweza kuja na yule jirani yake wa talaka. Nimemwambia aje naye, ila amtafutie soksi zisizo na matundu.