Kwaheri ya Maximum PC inauma mezani

Maximum PC, jarida la Marekani la waunda kompyuta, liliacha kutoka kwa karatasi baada ya toleo la Aprili 2023. Tuliambiwa lipo bado, tulisome kwenye skrini. Skrini ipi, wakati kompyuta yenyewe imelazwa mezani vipande vipande?

Jarida lilikaa wazi kando ya kasha la kompyuta, picha kubwa, hatua kwa hatua. Kwanza vinguzo vya skrubu, ili bodi kuu isiguse bati ikapiga shoti. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inawekwa alama yake ya pembetatu ikikutana na pembetatu ya kwenye soketi, bila kukandamizwa. Grisi ya joto juu yake, tone kama punje ya njegere. Vijiti viwili vya RAM, kumbukumbu ya muda, kwenye bodi yenye nafasi nne kwa kawaida huingia nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Vikiwa kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya data badala ya mbili, kasi inashuka. Ule waya wa umeme wa prosesa, wa pini 8, ukisahaulika, feni zinazunguka na kioo kinabaki cheusi.

Sasa fuata hayo kwenye PDF ya simu, vidole vimejaa grisi, kioo kinajizima kila mara! Ukikuza mchoro, maelezo yanakimbilia nje. Na usajili ukiisha, kuna app zinazokufungia hata matoleo uliyokwisha kuyalipia. Inaudhi sana.