Helen Zille: Hesabu Safi na Vyoo Visivyo na Kuta

Wanaomsifu Helen Zille, mwanasiasa wa Afrika Kusini, huanzia Machi 2006, alipochaguliwa meya wa Cape Town kwa kura 106 dhidi ya 103, akiegemea vyama vidogo kadhaa ambavyo vingeweza kumwangusha wakati wowote. Hakuanguka. Mwaka 2009 chama chake, DA (Democratic Alliance), kilipata zaidi ya asilimia 51 ya kura za jimbo la Western Cape, naye akawa waziri mkuu wa jimbo kwa miaka kumi, akisifika kwa hesabu safi za serikali huku majimbo mengine yote ya Afrika Kusini yakiwa chini ya ANC, chama kilichotawala nchi wakati huo.

Hata hivyo, uongozi wake unaeleweka vizuri zaidi kwa kisa cha Makhaza, huko Khayelitsha, kitongoji cha maskini cha Cape Town. Chini ya umeya wake, jiji lilikubaliana na wakazi kwamba badala ya choo kimoja kwa kaya tano, kila kaya ipate chake, mradi ijijengee kuta yenyewe. Wengi walijenga, wachache wasio na uwezo wakabaki wakijisaidia hadharani, na Aprili 2011 Mahakama Kuu ikaamua kwamba utu wao ulivunjwa. Zille aliutetea mpango huo kwa hoja ya makubaliano, na kwa hesabu hoja hiyo ilikuwa na mashiko. (ANC, iliyomshutumu vikali, ilikutwa na vyoo vya namna hiyohiyo Moqhaka, katika manispaa yake yenyewe.) Lakini makubaliano hayamsitiri mtu asiye na fedha za mabati.

Tabia hiyo ya kuamini kwamba hoja sahihi inajitosheleza, bila kujali nani anamwambia nani, ndiyo iliyomfaa mwaka 1977, alipokuwa mwandishi wa habari na kufichua uongo wa serikali ya ubaguzi wa rangi kuhusu kifo cha mwanaharakati Steve Biko akiwa kizuizini. Ni hiyohiyo iliyomponza mwaka 2017, alipoandika kwamba urithi wa ukoloni haukuwa mbaya tupu. Aliomba radhi, ila imani ya wapiga kura wengi weusi ilikuwa imekwisha kutikisika.

Septemba 2025 DA ilimteua kugombea umeya wa Johannesburg, jiji lenye mabomba makavu na miungano inayovunjika kila mara. Ujuzi wake wa utawala unahitajika huko, ila wafuasi wake wanakosea wanaponadi miaka kumi ya jimboni, alipokuwa na wingi wa kutosha peke yake, kuliko ile mitatu ya Cape Town, alipolazimika kuwabembeleza washirika.